Fremu Tano

Midomo ikichelewa nyuma ya sauti kwenye video ya kwaya, mimi hamu ya kula inaniisha. Fundi aliyenifundisha kazi Iringa alinipiga marufuku kutoa video ya namna hiyo, na marufuku yake nilihamia nayo Mbeya nilipofungua studio yangu.

Kwaya nyingi huku hurekodi sauti kwanza. Video hufuata baadaye: wimbo unapigwa kwenye spika, wanakwaya wanaufuatisha kwa midomo, kamera inachukua. Mimi nabaki na kompyuta, naoanisha sauti na picha kwa namba za muda: saa, dakika, sekunde, mpaka fremu, yaani picha moja kati ya ishirini na tano zinazounda sekunde.

Kwaya moja ya Makongolosi ilirekodi sauti kwangu, ikatoka safi kabisa. Kabla ya video, mwimbishaji wao, msichana aliyeimba beti peke yake, akaugua na kufariki. Viongozi wakataka beti zake ziimbwe upya na mtu mwingine. Mama yake akakataa. Sauti ya mwanawe ibaki. Wakakubaliana kwamba mdogo wa marehemu, naye binti, asimame mahali pake afuatishe, na video isitoke mpaka mama aione na aridhike.

Tulipiga picha nje ya Chunya, vumbi mpaka kwenye kope. Wiki iliyofuata mama na yule binti wakaja studio. Niliwaonyesha kazi huku nikiomba radhi, maana kila marehemu alipoimba peke yake, midomo ya mdogo wake ilichelewa. Nikawaomba wanipe siku mbili nirekebishe. Nililaumu kompyuta, nikalaumu kamera, nikakagua namba mwanzo na mwisho wa wimbo. Zilikubaliana zote. Kwenye kiitikio kwaya nzima ilikuwa sawasawa, na yeye akiwemo. Alichelewa kwenye beti za dada yake tu, na kila mstari alichelewa fremu tano zilezile.

Basi nikazisogeza picha zake, nikafuta zile fremu tano. Midomo na sauti vikakaa pamoja, huwezi kuona tofauti. Waliporudi nikawachezea tena nikiwa nimevimba kichwa kidogo, nasubiri sifa.

Mama alitazama mpaka mwisho.

"Mwanangu, ile ya kwanza umeipeleka wapi?"

Nikamweleza kwamba ile ilikuwa na kosa, hii ndiyo iliyonyooka.

"Hii anaimba tu," akasema. "Ile alikuwa anamsikiliza dada yake."

Binti aliinamisha kichwa. Akasema kwa sauti ndogo kwamba wimbo anaujua wote, ila kila mstari alikuwa anasubiri dada aanze kwanza.

Nilijisikia vibaya, tena sana. Siku mbili nzima nilikuwa nimeukodolea uso ule kwenye skrini, na nilichokuwa nikitafuta ni kosa la mashine. Nikazirudisha fremu zote tano, bila kumkumbuka fundi wangu wa Iringa wala marufuku yake. Mama akavuta kiti karibu. Akaniomba nirudie pale ubeti unapoanza, ambapo sauti imeshatoka na mdomo bado umefungwa. Nilirudia, akaomba tena, nikarudia tena. Halafu akaniambia niitoe hivyo hivyo.