Majani ya Sungura

Ninapomenya nyuzi za majani ya maboga, harufu yake mbichi hunirudisha kwenye duka la shamba, nje ya Sydney, uani mwa jumba la kale la matajiri. Nilikuwa na Mama, wakati wa korona, sote tumevaa barakoa. Muuzaji, bibi wa Kizungu, alikuwa akitupa majani ya maboga kwenye gunia chafu.

Mama hakujua Kiingereza, ulimi wake ulikuwa mimi. "Mwambie atugawie hayo, ni mboga."

Nyuma yetu watu walipanga foleni, wakisikiliza. Nikasema ni ya sungura wetu.

"Wanaitwaje?" bibi aliuliza kwa furaha.

Nikataja majina ya wadogo zangu, ndiyo yaliyonijia.

Mama aliposikia majina ya wanawe, macho yakamng'aa. Akanyoosha mkono kuonyesha urefu wao: huyu kiunoni, huyu kifuani.

Bibi akautazama mkono ule, kisha akanitazama mimi. Akalimwaga gunia, akachagua majani machanga, akayafunga kwenye karatasi safi, akamkabidhi Mama kwa mikono miwili.

"Yule bibi ana utu," Mama alisema njiani. "Ulimwambia nini?"