Mgongo wa Baba

Magoti haya hayasikii dawa tena. Mjukuu wangu amefungua chupa ya mafuta ya ufuta anikande, na harufu ile imenirudisha uani kwetu Nachingwea, enzi za mashamba ya karanga ya Wazungu.

Baba alikuwa mcheza mieleka, kazi nyingine hakuijua. Kila Jumapili vibarua wa karanga walizunguka uwanja kumtazama akiwabwaga wanaume wa Mnero na Chinongwe. Mshindi alipakwa unga wa mtama kwenye paji la uso, na baba hakuunawa mpaka majirani wote wamemwona. Ndipo alipolala kifudifudi mkekani, mama akammiminia ufuta, nami kitindamimba nikapanda kumkanyaga mgongo.

"Kanyaga, mama," alinihimiza akicheka. "Hata uzito wa kuku huna!"

Jumapili moja alirudi kwa njia ya nyuma ya nyumba, usoni hana unga. Kijana mgeni kutoka Kiegei alikuwa amembwaga mara mbili, watu wakishangilia. Mama alitandika mkeka, akaleta mafuta. Nikapanda kama kawaida, nikakanyaga taratibu, kwa ncha za vidole tu.

"Shuka, mwanangu," alisema, uso ameuelekeza ukutani. "Umekuwa mzito."

Nilishuka. Wiki nzima kabla ya siku ile nilikuwa na homa, chakula hakipiti, hata shanga za kiuno zilikuwa zinaniporomoka.