Mlango Alioomba Bibi

Juzi mtoto wa kaka yangu, anayejenga huko Ngokolo, aliniuliza, "Shangazi, nyumba ya kudumu iwe na vyumba vingapi?" Mawazo yalikuwa yamekwisha kunirudisha kijijini karibu na Ushirombo, miaka ya sitini, miguu yangu imezama kwenye udongo hadi magotini.

Kukanda udongo wa kichuguu ndiyo ilikuwa kazi yetu wajukuu. Bibi alikaa pembeni akichagua fito na kutuchokoza. "Kanyaga, mke mwenzangu! Miguu hiyo unamtunzia nani?" Tukichoka alitupa matobolwa, vile viazi vilivyochemshwa na kuanikwa juani, tukavitafuna na karanga mpaka taya zikauma.

Ile nyumba yake haikutulia hata kidogo, ndugu yangu. Baba mdogo alipooa, bibi alibomoa ukuta wa mashariki akamtolea mlango wake. Alipohama, mlango ukazibwa, chumba kikawa cha mbuzi. Jirani alipohamishia jalala mbele yetu, bibi hakugombana. Aliugeuza mlango ukatazama upande wa pili, na kesho yake wakaamkiana kama kawaida. Udongo uliobomolewa ulilowekwa na kukandwa tena; nguzo ya huku ikawa nguzo ya kule. "Nyumba ndiyo imfuate mtu," alisema.

Nilipoolewa mjini nikaanza kuionea haya. Miaka ya themanini, mimi na mume wangu tukaibomoa, tukamjengea bibi nyumba ya matofali ya saruji. Aliizunguka polepole akigonga kuta kwa fimbo.

"Na tukitaka kuhamisha mlango?"

Fundi akacheka. "Bibi, hii hata tembo haihamishi!"

Nami nikacheka.

Mwaka uliofuata miguu yake ilikufa ganzi. Kumbeba nje kulimuumiza mgongo, kwa hiyo alishinda kitandani, chumba cha nyuma, dirisha liko juu. Nilirudi kijijini kumuuguza, na ng'ambo ya ukuta ule ndiko wanawake tulikokaa kumenya viazi. Akaomba atobolewe mlango hapo, atuone. Fundi alisema inawezekana, ila ukuta huenda ukapata ufa. Aliyekataa ni mimi. Nyumba ile nilikuwa nairingia.

"Vumilia, bibi," nikamwambia.

Tukicheka huko nje, alipaza sauti: "Mnacheka nini?" Kumweleza kupitia ukutani ilikuwa kazi, basi tukamjibu, "Hakuna kitu, bibi." Aliuliza hivyo kiangazi chote. Halafu siku moja tulicheka sana, na hakuuliza.

Sasa kijiji kizima ni saruji na bati. Mafundi wa fito wamekufa, na vijana hawajui kwamba mlango uliwahi kuhamishwa kwa siku moja, kwa mikono na miguu ya watoto. Mimi nilijua. Alinifundisha yeye mwenyewe.