Mishale ya Wavinya Haifichwi kwa Rangi

Wavinya wa mtaa wa Landless hakuwa mtu wa kuambiwa jambo mara mbili, kwa kuwa hata mara ya kwanza hasikii. Ndivyo walivyosema majirani zake pale Thika, na hawakumsingizia. Babake, mzee Kiilu, alikuwa fundi wa mishale huko mashariki, upande wa Kilimambogo. Alipozeeka hakupata mtoto wa kiume wa kukaa chini na kunyoosha vijiti, maana Nzioki, mwanawe wa kiume wa pekee, alikuwa amekwenda Ruiru kutafuta kazi ya ulinzi. Basi Wavinya akakishika kisu. Wazee wakanung'unika kwamba mwanamke hagusi mshale. Akawauliza kama mshale wenyewe umelalamika, akaendelea kuchonga.

Alipohamia mjini alipata kibarua katika karakana ya viti, akapiga msasa na kupaka vanishi kwa miaka tisa. Akatoka huko mikono imekauka, lakini alijua kila kinachopakwa kwenye mti na kila uongo unaoweza kufichwa chini yake. Kufikia mwaka wa 1997 alikuwa na kibanda chake, na wateja wake walikuwa masoja, wale walinzi waliokesha kwenye mageti ya mtaa wa Ngoingwa na maghala ya kahawa ya Ruiru. Soja wa siku hizo alibeba rungu, tochi na upinde. Ucheke ukitaka, lakini mwizi alikuwa akiuogopa upinde huo kuliko filimbi yoyote.

Kisha ikaja mvua ya El Nino, ikanyesha bila haya. Vijiti vikanywa maji, vikavimba na kupinda, na masoja wakaanza kuvirudisha kibandani. Wavinya akachukua vijiti vitatu. Cha kwanza akakipaka mafuta ya nyonyo kama alivyofanya babake, cha pili vanishi, cha tatu mafuta ya linsidi, yale ya mbegu za kitani, yaliyochanganywa na tapentaini. Akaviweka juu ya mabati vinyeshewe wiki nzima. Cha nyonyo kiliota ukungu na kunata mkononi. Cha vanishi kilimeta vizuri, lakini alipokikunja kidogo ngozi yake ilipasuka, na maji yakapata mlango. Cha linsidi kilikunjika na kunyooka, na maji yaliteleza juu yake. Kilidai subira: kupaka mara tatu, kufuta kwa kitambaa kila mara, na kungoja siku tatu kabla ya kurudia. Wavinya alikipenda zaidi kwa sababu mafuta hayo hayakuficha kitu. Mistari ya mti ilionekana yote, na ufa ukiwepo ulionekana pia.

Hapo ndipo alipoingia Kagwe. Huyu alikuwa na kampuni yake ya ulinzi Ruiru, na alitaka mishale mia mbili, yote ipakwe rangi ya kijani ifanane na sweta za masoja wake. Vijiti alivileta mwenyewe, vya bei rahisi, vilivyokatwa vikiwa vibichi. Wavinya alikikunja kimoja baada ya kingine karibu na sikio. Vingi vililia, dalili ya ufa wa ndani. Akamwonyesha nyufa kwa ukucha, akamwambia vya namna hiyo ni kuni tu. Kagwe akasema rangi ikikolea hakuna mtu atakayeziona.

Hilo lilimchoma Wavinya. Mshale wenye ufa hukatika kamba inapoachiwa, na kipande chake huingia kwenye mkono ulioushika upinde. Hakuhadithiwa. Nduguye Nzioki alipewa kazini mshale mzuri, uliopakwa rangi ikang'aa, ukamkatikia alipoachia kamba, na tangu siku ile vidole viwili vya mkono wake wa kushoto havikunjiki. Wavinya alikuwa ameibeba hasira hiyo kwa miaka minne, na sasa mtu alikuwa amesimama kibandani mwake akimtaka aitengeneze upya mara mia mbili. Lakini kazi hiyo ndiyo ingemvusha mvua ile yote, na alilijua hilo pia. Akamwambia Kagwe atamjibu Jumatatu.

Jumatatu asubuhi alifika kwenye uwanja wa Kagwe, masoja wakiwa wamepangwa mstari wakikaguliwa. Alibeba magunia mawili. Moja lilikuwa na mishale ya vijiti vyake mwenyewe, iliyopakwa linsidi. Kutoka kwa lile la pili alitoa mishale kumi ya kijani, inayong'aa. Kagwe akafurahi, akawaambia vijana wake waone kazi safi.

Wavinya akaomba upinde kwa Barasa, soja mzee kuliko wote, akampa Kagwe.

"Hizi ni vijiti zako, Bwana Kagwe," akasema. "Tano ni nzima, tano ziko na ufa. Nimezichanganya, na saa hii hata mimi siwezi jua ni gani. Chagua moja uvute."

Kagwe akacheka peke yake. Alichukua mmoja, akaugeuza, akaurudisha, akachukua mwingine. Akaupachika kwenye kamba, akautazama mkono wake wa kushoto ulioshika upinde. Masoja wote walikuwa wakiutazama mkono huohuo. Akaushusha upinde, akasema hana wakati wa michezo, na kazi hiyo itaenda kwa fundi mwingine.

"Peleka," Wavinya akasema. "Lakini na yeye umwambie akuje avute hapa mbele yao."

Alikuwa ameipoteza kazi, na asingemwomba mtu.

Barasa akatoka kwenye mstari. Akaliendea gunia la linsidi, akatoa mshale, akaukunja kando ya sikio, akaukagua kutoka ncha hadi manyoya, kisha akautia kwenye podo lake. Mwenzake akamfuata, na mwingine, mpaka mstari ukawa umehamia kwenye gunia. Kagwe akauliza kwa ukali ni nani amewapa ruhusa ya kuchukua mishale hiyo.

"Mkono ni wangu, mzee," Barasa akamjibu, akachukua wa pili.