Siku Ziwa Lilipopanda Kirungu

Vijana huniuliza ni nani atakayechapisha hadithi zao za maajabu. Huwa nawaambia waende kwanza bandarini.

Mimi nilienda na hasira zangu. Mchapishaji mmoja wa mbali alikuwa amenipigia simu kunieleza kwamba wasomaji wake wanataka vita kutoka kwetu Kongo, si maajabu. Vita! Kana kwamba sisi hatuoti ndoto. Asubuhi hiyo nilikuwa bandarini Kalemie nikingoja boti ya Moba, ambayo ilichelewa kama kawaida yake. Nikafungua simu, nikawasomea abiria wenzangu hadithi yangu ileile aliyoikataa: ziwa linachoshwa na joto, linainuka, linapanda milima hadi Kirungu kutafuta baridi.

Nilidhani watanicheka. Mama mmoja aliyekalia gunia la ndagala kavu, dagaa wa ziwani, akaniuliza kwa ukali, "Na samaki yenye ilibakia huku chini, iko ya nani?"

"Ya mwenye kuwahi," akajibu papa mmoja, mzee aliyeketi kando yake.

"Na watu wa Kirungu watalima wapi?" akadakia mwingine.

Wakabishana hadi jua likawa kali. Hakuna hata mmoja aliyesema ziwa haliwezi kutembea. Mimi ndiye niliyelitembeza nikawasahau wenye kuishi nalo, na pale pale nikaanza kuwaandika.

Boti ilipopiga honi, abiria walikimbilia mizigo yao. Yule mama alikwenda kwanza ukingoni kuchungulia kama maji bado yapo.