Washauri Niliowafundisha

Nilipopewa kazi ya kuwafundisha washauri wa wanafunzi katika chuo kimoja cha ufundi kule Campbelltown, nilimpigia mama yangu simu Nakuru kumpa habari kabla hata sijatia sahihi mkataba. Nilikuwa nimekaa Sydney miaka kumi na minne. Nilikuja kusoma, nikatunza wazee, kisha nikasomea ushauri nasaha, na muda wote huo nilikuwa mtu wa upande wa pili wa meza, mtu wa kujaza fomu na kungoja kuitwa. Sasa wenye meza walitaka niwaeleze jinsi mambo yanavyoonekana kutoka kule nilikokaa.

Mafunzo yalikuwa ya Jumatano tatu. Washauri walikuwa kumi na mmoja, karibu wote Wazungu, watu wapole waliokuja na vikombe vyao vya kahawa na nia njema. Kazi yangu ilikuwa kuwaonyesha kwamba mwanafunzi mweusi, au mkimbizi, au mzawa wa nchi hii ambaye babu zake walinyang'anywa ardhi hiyohiyo tuliyokalia, hasikilizwi kama wengine hata pale anaposema maneno yaleyale. Niliwaambia, mwanafunzi akiinamisha macho mbele yenu, msiandike kwamba ana la kuficha. Kwetu mtoto aliyelelewa vizuri hamkodolei mkubwa macho. Waliandika. Mmoja alifuta machozi.

Aliyenivutia zaidi alikuwa mwanamume wa miaka hamsini na kitu, aliyekuwa fundi umeme kabla ya kuwa mshauri. Siku ya pili aliinua mkono.

"Nimeelewa," alisema. "Lakini nikishaelewa, nifanye nini?"

"Simama naye," nilimjibu. "Anapoitwa kujieleza, asiwe peke yake."

Aliandika hilo pia, kwa penseli, akalipigia mstari. Mimi nami nilijiona nimejibu vizuri.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada katika kanisa letu dogo la Granville, mama mmoja Mkongo alinivuta kando karibu na mlango wa jikoni. Tulikuwa tunajuana kwa salamu na kwaya. Alikuwa na miaka arobaini hivi, ametoka Kivu, akakaa kambini Uganda miaka mingi kabla ya kuletwa huku pamoja na binti yake. Nilijua anasomea uuguzi, ila sikujua ni katika chuo kilekile.

"Dada, unisomee hii leta," alisema akinipa simu. "Mutoto yangu ameisoma, analia tu, hanielezee."

Ilikuwa barua pepe kutoka chuoni. Mwalimu wake alikuwa na shaka kwamba insha aliyowasilisha si yake, kwa sababu Kiingereza cha kwenye karatasi kilikuwa kizuri kupita kile anachokisema darasani. Aliitwa kwenye kikao ajieleze. Nilimsomea taratibu kwa Kiswahili. Akauliza, "Banasema nimeiba?"

"Wanauliza kama uliandika mwenyewe."

"Miye niliandika mwenyewe. Nilianza mu Swahili, mu kaye yangu. Kisha nikatafuta maneno ya Kingereza, moja-moja. Wiki tatu, dada. Kila siku nikitoka kazi."

Insha ilihusu vidonda vya kulalia, vile vinavyompata mgonjwa asiyeweza kujigeuza kitandani. Alikuwa amemuuguza mama mkwe wake kambini miaka miwili bila kidonda hata kimoja, juu ya godoro la nyasi. Hakuna mwalimu ambaye angemfundisha habari hiyo.

Nilimwambia aende kwa mshauri wa wanafunzi, nikamtajia yule fundi umeme. Nilimwambia, huyo ni mtu mzuri, nimemfundisha mimi. Nikampa na ushauri wa kubeba lile daftari, hiyo kaye yake ya Kiswahili.

Kwa kweli mshauri alifanya kila nililomfundisha. Yule mama aliniambia kwamba alimuuliza jina lake linavyotamkwa, akalirudia mpaka likakaa. Alimsikiliza bila kutazama saa. Alilipiga daftari picha, kila ukurasa, akaandika maelezo marefu kwa ajili ya kikao. Mimi niliuliza ofisini kama naweza kuwepo. Mkataba wangu ulinikataza kujiingiza katika kesi ya mwanafunzi yeyote, lakini nilikubaliwa kwenda kama msindikizaji wa kutoka kanisani. Msindikizaji hukaa tu. Haruhusiwi kusema.

Kikao kilikuwa asubuhi, katika chumba chenye meza ndefu na jagi la maji. Walikaa watatu. Mwenyekiti, mwanamke wa nywele fupi, ndiye aliyefungua mafunzo yangu ile Jumatano ya kwanza. Aliponiona alitabasamu.

"Karibu sana," aliniambia. "Bado tunayazungumza yale uliyotufundisha."

Mkalimani alikuwa kwenye simu iliyowekwa katikati ya meza. Alitafsiri utangulizi, haki za mwanafunzi, na utaratibu wa kikao. Kisha mwenyekiti akasema kwamba kwa kuwa insha iliandikwa kwa Kiingereza, ingekuwa haki zaidi mwanafunzi aieleze kwa Kiingereza. Mkalimani akatafsiri hilo, kisha akanyamaza.

Mama alikuwa ameinamisha macho. Mshauri akakohoa, akaeleza kuwa hiyo ni heshima, na kwamba isichukuliwe vibaya. "Asante," mwenyekiti alisema, "tumelizingatia." Nikaona mkono wa aliyekaa kushoto kwake ukiliandika.

Wakamwonyesha sentensi moja katika insha, wakamwomba aeleze maana yake. Ilikuwa sentensi juu ya ngozi kuvutwa na shuka wakati mgonjwa anaposogezwa. Niliona midomo yake ikitafuta. Neno la kwanza lilitoka, la pili likakataa. Basi akasimama. Alizunguka kiti chake, akakiinamia kama mtu anayemwinamia mgonjwa, akapitisha mkono mmoja chini ya bega na mwingine chini ya nyonga ambazo hazikuwepo, akainua kwanza ndipo akageuza, polepole, bila kuburuta. Akanyoosha shuka ambayo hatukuiona. Akabonyeza kwa vidole mahali pa kisigino, akangoja, akatazama kama wekundu unaondoka.

Mimi niliyetunza wazee miaka sita sijawahi kuona mtu akigeuzwa vizuri hivyo.

"Asante," mwenyekiti alisema kwa upole. "Sasa unaweza kutueleza kwa maneno?"

Mama akakaa. Alinitazama mara moja tu. Nilikuwa na maneno yote kinywani, ya Kiswahili na ya Kiingereza, na niliyameza. Nilijiambia kwamba nikivunja utaratibu nitamharibia. Labda ilikuwa kweli. Mpaka leo sijui, na kutojua huko kunanisumbua kuliko kama ningejua kwamba nilikosea. Mshauri alilisukuma daftari mezani. Walilifungua kwa adabu, wakafunua kurasa mbili tatu za mwandiko wa Kiswahili, wakalifunga. Hapakuwa na mtu wa kulisoma, walisema, na mwandiko hauna tarehe.

Uamuzi ulikuja baada ya siku tisa. Hawakusema ameiba. Walisema haikuwezekana kuthibitisha kwamba kazi ni yake, kwa hiyo arudie somo mwaka unaofuata, na nafasi yake ya kwenda kufanya mazoezi hospitalini ikasimamishwa. Barua ilimpa pole na namba ya kupiga akihitaji kuzungumza na mtu. Ilikuwa namba ya ofisi ya washauri.

Tulikata rufaa, mimi na yule fundi umeme. Tuliandika katika maktaba ya Granville mchana mzima, na mimi nikatafsiri daftari zima, kurasa kumi na saba. Jibu likaja kwamba tafsiri ya mtu anayemfahamu mwanafunzi haikubaliki, na kwamba hakuna jambo jipya. Mshauri alinipigia simu.

"Nilisimama naye," alisema.

"Najua."

"Kuna kitu kingine ningefanya?"

Nilitafuta katika yote niliyosoma na yote niliyofundisha, sikupata. "Sijui," nikamwambia. Akashukuru, kama vile nimempa kitu.

Fomu za tathmini ya mafunzo zilikuwa nzuri sana. Karibu kila mmoja aliandika kwamba amebadilika. Chuo kikanialika kufundisha kundi la pili, nami nikakubali. Watu huniuliza kwa nini, na jibu nililonalo ni dogo, kwamba afadhali waelewe kuliko wasielewe. Nalisema bila kuliamini sana.

Mama hakurudi chuoni. Alipata kazi katika ghala moja Seven Hills, ya kufungasha maboksi, alfajiri mpaka mchana. Mwezi uliopita alinialika kwake kula. Binti yake, mwenye miaka kumi na sita, alinifungulia mlango, akanisalimu kwa Kiingereza, akaingia chumbani kwake na hakutoka tena. Mama alikuwa amepika sombe, kile kisamvu cha kwao, na samaki. Hakuligusia jambo la chuo mpaka tulipomaliza kula.

"Dada, niulize kitu. Bale bantu ulifundisha, baliyelewa?"

"Walielewa," nilimjibu.

"Na yule mama ya nywele fupi?"

"Hata yeye."

Alitikisa kichwa polepole, akainuka kukusanya sahani. Nilitaka kumsaidia kuosha, akakataa, akasema mgeni haoshi vyombo. Nilibaki nimekaa mezani, mikono mapajani, nikisikiliza maji yakimwagika jikoni na muziki wa yule msichana nyuma ya mlango uliofungwa.