Chupa ya Chai Kwenye Mikaratusi

Katika kituo chetu cha afya, kwenye njia ya vumbi kati ya Songambele na Nkwenda, chupa ya chai ya mjamzito ilikuwa haiingii wodini kabla haijafunguliwa. Mkuu wa wodi, mkunga aliyewapokea duniani vijana wengi wa kata ile, aliifungua mwenyewe mlangoni na kuinusa. Chai ilipita. Dawa ya majani, ile ambayo mama wakwe huchemsha ili uchungu uende haraka, ilimwagwa palepale mbele ya watu, na aliyeibeba alisemwa mpaka akainamisha kichwa.

Asubuhi moja alitujia mkunga mwenzetu kutoka hospitali ya wilaya. Alikuwa anafanya utafiti kuhusu dawa hizo: nani anakunywa, kiasi gani, akiwa wapi. Alitaka maswali tuulize sisi wakunga, kwa sababu wanawake hao hutushika mikono sisi wakati wa uchungu. Sharti lake lilikuwa moja tu, tusimwage na tusikemee.

"Mdogo wangu," mkuu wa wodi akamwambia, "utafiti ni wa wenye ofisi. Sisi tuna vitanda. Nikianza kuwabembeleza, kesho watakuja na madumu."

Tulicheka. Mgeni naye alicheka, kisha akauliza, "Lakini dada, tangu uanze kumwaga, zimepungua?"

"Chupa zimepungua."

"Nauliza dawa."

Mkuu wa wodi alinyanyuka akaenda kupanga glavu zilizokuwa zimeshapangwa. Mgeni akasema atapita jioni kuchukua jibu letu, akapanda pikipiki yake.

Mchana aliletwa mama wa uzazi wa nne, amebanwa kwenye bodaboda kati ya dereva na mama mkwe wake. Chupa yao ilifunguliwa mlangoni. Ilikuwa tupu, haina harufu yoyote.

"Hawa safi," mkuu wa wodi akasema.

Mimi niliiona chupa ile ikidondosha maji chini. Ilikuwa imesuuzwa muda si mrefu. Sikuelewa mtu anabebaje chupa tupu kutoka kijijini, tena ameiosha njiani.

Uchungu wa yule mama ulikuwa hafifu, na njia ya mtoto haikuendelea kufunguka. Tabibu wa zamu alimpima mara ya pili, akaniambia nitundike dripu ya kuongeza uchungu. Nilichokiogopa kila mkunga anakijua. Dripu ile ikikuta dawa ya majani tumboni, mfuko wa uzazi unaweza kupasuka, na hospitali yenye chumba cha upasuaji iko mbali na kwetu.

"Umekunywa kitu leo?" nilimuuliza.

"Sijanywa." Macho yake yalikwenda dirishani, alikokuwa mama mkwe.

Niliiacha dripu ikining'inia bila kuifungua, nikatoka. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, kapu lake katikati ya miguu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Amezaa?"

"Bado." Nikakaa karibu naye, nikahamia Kinyambo, lugha ya kwetu. "Sijaja kukusema. Nataka kujua tu, njiani alipewa nini cha kumtia nguvu?"

"Ukijua utafanya nini?"

"Kuna dawa ya hospitali nimeagizwa kumpa. Zikikutana na ya kwenu, naweza kuwaua wote wawili."

Mkono wake ulikaza kishikio cha kapu. "Ile hunywewa kidogo kidogo, mwanangu. Kikombe asubuhi, kikombe jioni. Lakini ninyi mnamwaga! Ningefanyaje? Pale kwenye mikaratusi, kabla ya kona yenu, tulisimama akamaliza yote. Kila mtu husimama pale. Hukuwa unajua?"

Nilirudi ndani mbio. Tabibu alikuwa amechoka kunisubiri, na vidole vyake vilikuwa vimeshafika kwenye kidhibiti cha dripu.

"Usifungue! Amekunywa. Chupa nzima."

"Nani kasema?"

"Mama mkwe."

Mkuu wa wodi aliweka kiganja juu ya tumbo la yule mama, akakiacha pale. Sote tukasubiri. Kisha tuliona uso wa mkuu wa wodi ukibadilika. Tumbo lilikuwa linakaza, na lilipokaza halikulegea upesi. Tulimlaza ubavu, tukapiga simu ya gari la wagonjwa, tukawa tunasikiliza moyo wa mtoto kwa zamu. Ulishuka. Mkuu wa wodi alisikiliza akiwa amefumba macho. Ukapanda. Ukashuka tena.

Gari lilikuwa bado halijafika mama aliposukuma. Mtoto alitoka amelegea, rangi ya bluu, nikamsugua mgongo na kumpulizia hewa kwa barakoa mpaka akakunja uso na kulia. Mama yake alivuja damu, ikasimama. Tabibu aliichomoa dripu ile, akaenda kunawa.

Mgeni wetu aliporudi jioni, alikuta mama mkwe yuko mlangoni ametoa chupa nyingine aliyokuwa ameificha chini kabisa ndani ya kapu. Alikuwa ameishika mbele yake kwa mikono miwili, anangoja kusemwa. Mkuu wa wodi alikwenda akashika mfuniko, kama siku zote. Wauguzi wawili waliokuwa wakipita walisimama.

Hakuufungua.

"Hii ni ya nini, mama?" aliuliza, kwa sauti ya chini ambayo sikuwa nimewahi kuisikia mlangoni pale.

Mama mkwe alimtazama usoni, akatazama na ule mkono.

"Toa mkono kwenye mfuniko kwanza," akasema, "nami nitakwambia."

Mkuu wa wodi aliutoa. Kisha, bila kugeuka, akamwambia mgeni wetu, "Mdogo wangu, vuta kiti. Swali lako la kwanza linasemaje?"